Mayai ya Mjusi-Chui Hayageuzwi

Mtu aliyekulia nyumba yenye kuku ana mazoea na yai. Akiliona analiokota, analitikisa sikioni, analigeuza, analirudisha chini ya mtetea, na mara nyingi hakuna kinachoharibika. Mazoea hayohayo akiyahamishia kwenye yai la mjusi-chui lenye siku tatu, anaweza kukiua kijusi bila kujua, kisha akaendelea kulitunza yai lililokufa mpaka likaota ukungu na kumliza mtoto aliyekuwa akilihesabia siku. Kwa hiyo nawaandikia hasa wale wanaoamini kwamba kutotolesha wanakujua tayari.

Wengi wanaouliza habari hizi wanaishi ughaibuni: Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada. Visa vyao hufanana. Mwenye nyumba amekataza mbwa na paka, mtoto hataki samaki, basi dukani wanamkuta mjusi wa manjano mwenye madoa meusi, anauzwa kwa jina la leopard gecko, yaani mjusi-chui, mpole, hapigi kelele. Baada ya mwaka ananunuliwa mwenzake. Miezi michache baadaye mtu anaona viviringo viwili vyeupe kupitia ngozi ya tumbo la jike, na hapo ndipo maswali yanapoanza, yakiwa yamechelewa.

Mjusi huyu, ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, kwao ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Usimdhanie ni mjusi kafiri aliyenenepa. Ana kope na hufumba macho akilala. Vidole vyake havina nyayo za kunasia, kwa hiyo kioo hapandi. Mkia wake mnene ni ghala la mafuta. Tofauti iliyo muhimu kwetu ni ya mayai. Mjusi kafiri hutaga mayai madogo ya ganda gumu, ambayo utayakuta nyuma ya pazia au kwenye ufa wa dirisha, na yanajitegemea. Ya mjusi-chui yana ganda laini mfano wa ngozi, na hunywa unyevu wa udongo ulioyazunguka, yakivimba kadiri kijusi kinavyokua. Karibu kila kitu nitakachoshauri huko mbele kinatokana na ganda hilo.

Na kama mama mkwe anaishi nanyi, naye amekua akisikia kwamba mjusi kafiri alipuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, kaeni naye mzungumze kabla ya watoto wa mjusi kuzaliwa, si baada.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani Afrika Mashariki, mambo ni mengine. Nasi tuna ndugu wa karibu wa mjusi huyu, mwenye kope vilevile: Holodactylus africanus, mchimba mashimo wa nyika kavu za Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia. Tunaye pia yule mdogo wa samawati wa msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, aliyekamatwa kwa wingi kwa ajili ya soko la Ulaya mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku katika mkutano wa CITES wa mwaka 2016. Mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Waache hao walipo. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, na mtu wa kumwuliza ni afisa wa wanyamapori wa eneo lako, si muuzaji. Mjusi-chui anayefugwa ughaibuni ametokana na vizazi vingi vya kufugwa, na ndiyo sababu naweza kumzungumzia kwa moyo mweupe.

Kabla ya mashine ya kutotolesha, kabla hata ya dume, piga hesabu. Jike mwenye afya hutaga mayai mawili kwa mpigo, kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi kadhaa. Mitago minne mpaka minane kwa msimu si ajabu, na kwa kuwa jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, kupandwa mara moja kunaweza kutosha mitago kadhaa. Hapo unazungumzia watoto wanane, kumi na wawili, pengine kumi na sita, kila mmoja akihitaji sanduku lake, joto lake na wadudu wake, na kila mmoja akiwa na uwezo wa kuishi miaka 15 hadi 20. Madume wawili hawakai pamoja. Watang'atana mpaka mmoja afe. Nani atawachukua? Soko la mijusi wa rangi za kawaida limejaa, na bei yao mara nyingi hairudishi hata gharama ya nyenje waliokula. Nchini England, anayeuza wanyama kwa biashara anatakiwa kuwa na leseni ya halmashauri chini ya kanuni za mwaka 2018. Kama huwezi kutaja nyumba za kutosha zitakazowapokea, furahia mjusi wako mmoja. Akitaga mayai bila kupandwa, nalo hutokea, mayai hayo hayana kitu. Kazi yako ni kumrudishia madini tu. Na aliyetaga baada ya kukaa na dume wakati hukukusudia, mayai yake yagandishe kwenye friza siku ileile aliyotaga. Ni uamuzi mgumu kwa wengine, lakini ni wa huruma kuliko kuleta viumbe usioweza kuwalea.

Ukishajibu hilo, tazama wazazi. Rangi zinazovutia macho zina habari zao. Kuna aina iitwayo Enigma ambayo wengi wake huzunguka mahali pamoja, huinamisha kichwa upande na kumkosa mdudu aliye mbele yao. Tatizo ni la mishipa ya fahamu na linakwenda pamoja na rangi yenyewe, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Kuna Lemon Frost, manjano ya kung'aa iliyouzwa ghali ilipoanza, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya walio nayo huota uvimbe wa saratani kwenye ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha mwaka 2021 kazi iliyoonyesha jeni inayohusika. Hao wote wawili usiwazalishe, hata muuzaji akikuapia kwamba wake ni wazima. Kuhusu zeruzeru, ziko koo tatu tofauti, Tremper, Bell na Rainwater, na ukipandisha zeruzeru wa ukoo mmoja na wa mwingine hupati watoto zeruzeru, unapata mchanganyiko utakaomsumbua kila atakayenunua baadaye. Uliza ukoo kabla ya kulipa.

Mjusi mpya mtenge chumba kingine kwa miezi miwili au mitatu, na vyombo vyake visichangamane na vya wengine. Kijidudu kinachoogopwa ni kriptosporidiamu. Mjusi anakula lakini mkia unapukutika mpaka unakuwa kama fimbo, na tiba ya kutegemewa hakuna. Kipimo cha kinyesi kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao ni nafuu kuliko kuteketeza kundi zima.

Sasa jike. Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana watu hutumia fedha kwenye mashine na kumsahau aliyelibeba yai. Asipandwe kabla ya kutimiza walau mwaka mmoja, na mimi hupendelea mwaka na nusu, akiwa na gramu 50 au zaidi kwenye mizani ya jikoni, mkia umejaa, unene wake unakaribia wa shingo. Jike mdogo atapandwa na atataga, usidanganyike na hilo. Mwili wake utakuwa unachota kwenye mifupa yake mwenyewe ili kutengeneza maganda. Dalili huja polepole. Vidole vinatetemeka akitembea. Tumbo linaburuta mahali lilipokuwa likiinuka. Ukimgusa taya kwa ncha ya kidole linabonyea, wakati taya zima ni gumu. Ukifika hapo umechelewa, na matibabu ni ya daktari.

Kinga yake ni rahisi mno. Weka kizibo cha chupa ya soda chenye unga wa kalsiamu mtupu, usio na vitamini D3, kwenye kona ya tangi lake muda wote. Jike mwenye mimba utamwona akiuramba kwa hiari yake. Ule wenye D3 ni wa kuwapaka wadudu kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, kwa sababu vitamini hiyo ikizidi nayo ni sumu. Watie nyenje au mende wa dubia kwenye mfuko wa plastiki wenye unga kidogo, tikisa, mpe wakiwa weupe. Na hao wadudu wenyewe walishe karoti na majani mabichi siku moja kabla. Mdudu aliyelala njaa ni ganda tupu. Funza wa unga peke yao hawatoshi. Katika msimu wa kutaga, mpime jike kila wiki uandike. Akianza kupungua mfululizo na mkia ukaonekana kuliwa, mtoe dume, acha kuwaza mayai, mlishe.

Kupandisha kwenyewe hakuna maneno mengi. Jinsia kwanza: dume ana safu ya vitundu vyenye nta iliyokaa umbo la herufi V mbele ya tundu la haja, na vivimbe viwili nyuma yake. Kule kwao baridi ya kipupwe huwapumzisha, na majira ya kuchipua huwaamsha. Ndani ya nyumba za kaskazini mwa dunia, wafugaji wengi hupunguza joto kidogo kwa wiki kadhaa za Desemba, kisha hupandisha kuanzia Januari au Februari. Mpeleke dume kwa jike wakati wa magharibi, wanapoamka. Dume akishanusa harufu, mkia wake hutetema kwa kasi mpaka unasikia mlio wa kugongagonga sakafu. Kisha humng'ata jike shingoni. Hilo ni la kawaida, mikwaruzo midogo hupona. Lakini jike akiinua mkia na kuupepea taratibu, akajikunja na kurudisha meno, hajawa tayari. Mtoe dume ujaribu wiki nyingine. Wakishapandana waache siku chache halafu watenganishe. Dume anayeachwa humo msimu mzima hamwachi jike akapumua.

Baada ya wiki tatu au nne, subiri mtago wa kwanza. Jike atahitaji mahali pa kutagia, na mahali hapo pasipokuwepo atayaficha mayai sehemu kavu, nawe utayakuta yamesinyaa. Kopo la aiskrimu la lita mbili linatosha: mfuniko wake, tundu ubavuni la kumpitisha mwenye tumbo, na ndani sentimita 7 au 8 za nyuzinyuzi za nazi au vermikulaiti yenye unyevu wa kushikana bila kuchuruzika. Liweke upande wa joto. Siku chache kabla ataacha kula, atachimba usiku, atatoka na pua yenye uchafu, atarudi kuchimba. Asubuhi moja utamkuta mbavu zimebonyea na ngozi ya ubavuni imelegea mikunjo. Ametaga. Mpe maji na wadudu kwanza, halafu ndipo ufungue kopo.

Jike anayechimba siku nyingi bila kutaga, akalegea na kufumba macho, huenda mayai yamekwama. Usimkande tumbo. Huyo ni wa daktari siku hiyohiyo.

Ukifungua kopo la mayai, fukua kwa kidole, si kwa kijiko, ukianzia pembeni. Mayai yatakuwa mawili, mara nyingine moja kwa jike wa mara ya kwanza, yamelala sambamba, kila moja na urefu wa kama sentimita 3. Yaliyotoka sasa hivi yanateleza na kunata. Ya saa kadhaa yamekauka nje, yamekaza, meupe kama chaki. Yakiwa yameshikana usiyabandue. Kabla ya kuinua, chukua penseli laini utie nukta juu, mahali panapotazama dari. Kalamu ya wino iache, ganda hili linafyonza. Kisha yahamishe jinsi yalivyolala, nukta ikiwa juu, na nukta hiyo ibaki juu mpaka siku ya kuanguliwa.

Sababu ni hii. Ndani ya yai la kuku kiini kimeshikwa katikati na kamba mbili za ute mzito, na mtetea huligeuza yai mara nyingi kwa siku ili kijusi kisigande kwenye utando. Yai la mjusi halina kamba hizo. Katika siku ya kwanza au ya pili kijusi hupanda juu, hujishikiza kwenye utando wa ganda, na hapo ndipo mishipa yake ya damu inapotandaa. Ukiligeuza baada ya hapo, kiini kizito kinakilalia kijusi. Kwa hiyo mayai uliyoyakuta ndani ya siku ya kwanza yana nafasi kubwa hata kama mama aliyapiga teke. Baada ya hapo, hata mashine ikianguka mezani jambo la kujali ni moja: nukta iko wapi?

Chombo cha mayai ni boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko na vitundu viwili vitatu vya sindano. Ndani tandaza vermikulaiti au perlaiti kwa kina cha sentimita 4 au 5. Kwa vermikulaiti pima kwa uzito, si kwa kikombe: gramu 100 kwa maji gramu 80 mpaka 100. Ukiifinya kwa ngumi itoke tone moja, si mchirizi. Bonyeza vishimo kwa kidole gumba, laza mayai nusu ndani nusu nje, funika, andika tarehe na jina la mama kwenye mfuniko. Fungua mara moja kwa wiki kubadilisha hewa. Hakuna kunyunyizia mayai. Unyevu ukipungua na yai likaanza kubonyea mapema, ongeza maji ya vuguvugu pembeni ya boksi, kijiko kimoja kimoja, mbali na ganda.

Mashine ya vifaranga inafaa, kwa masharti. Ondoa kifaa cha kugeuzia. Beseni la maji si muhimu, kwani unyevu umo ndani ya boksi. Na joto la kuku, nyuzi 37 na nusu za selsiasi, litayapika haya. Mashine nyingine za bei nafuu hazishuki chini ya nyuzi 35, kwa hiyo soma kabla ya kununua. Sanduku la kutunzia joto lenye waya wa kupasha joto na thamostati nzuri hufanya kazi hiyohiyo. Iwashe siku kadhaa kabla jike hajataga, na kipimajoto ukiweke ndani ya boksi la mayai penyewe, si ukutani mwa mashine. Namba inayosomeka kwenye kioo cha mashine iamini baada ya kuilinganisha na kipimajoto cha pili.

Tukifika kwenye joto tunafika kwenye jambo linalowashangaza hata wafugaji wa siku nyingi wa kuku. Mjusi-chui hana kromosomu za kuamua jinsia. Joto ndilo linaloamua. Jambo hili kwa wanyama watambaao lilielezwa kwanza huku kwetu Afrika: Madeleine Charnier, akiwa Dakar, aliandika mwaka 1966 juu ya mayai ya Agama agama, jamaa wa wale wenye vichwa vya rangi ya moto wanaopanda na kushuka kifua juu ya mawe. Kwa mjusi-chui, mayai yakikaa kwenye nyuzi 26 hutoka majike karibu watupu. Kwenye 30 majike ni wengi na madume wamo. Kwenye 32 na nusu madume ndio wengi, kama robo tatu. Ukipanda mpaka 34 majike wanarudi, na hao wa joto kali, kama kundi la David Crews lilivyoonyesha katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, huwa wakali kuliko dada zao wa nyuzi za chini, na wengi hawazai vizuri. Wafugaji huwakwepa, nami ningewakwepa.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni nyuzi 27 au 28. Utapata majike wengi, ambao ni rahisi kuwapatia nyumba kuliko madume, na muhimu zaidi, una nafasi ya makosa. Anayeweka 32 akitafuta madume yuko karibu na ukingo. Juu ya 35 vijusi hufa. Yai la nyuzi 27 huchukua miezi miwili au zaidi kidogo, siku 60 hadi 70 na ushee, na la nyuzi 32 siku 35 hadi 45. Haraka hiyo haina faida yoyote kwako. Umeme ukikatika saa chache, funika mashine kwa blanketi ukalale. Kushuka kwa nyuzi chache huchelewesha tu. Kinachotia hofu ni kupanda. Mashine inajua kupasha, haijui kupoza, na mchana wa Julai katika fleti ya ghorofa ya juu isiyo na kiyoyozi unaweza kuzidi kile ulichokiweka. Iweke chumba chenye baridi kuliko vyote, sakafuni, mbali na dirisha.

Halafu unakaa. Ndiyo kazi ngumu, na watoto ndani ya nyumba hawaisaidii. Wape ruhusa moja: baada ya siku kumi, usiku, taa zimezimwa, kurunzi ndogo ishikwe ubavuni mwa yai bila kulinyanyua. Yai lenye uhai huonyesha waridi, na duara jekundu karibu na nukta, lenye vijishipa vyembamba vinavyotoka pembeni. Viza hung'aa manjano matupu. Baada ya wiki mbili tatu za manjano, mara nyingi ni viza kweli, lakini kulitupa kwa haraka hakukupi kitu. Liache mpaka linywee au linuke. Ukungu mweupe kidogo kwenye yai lililokaza unaweza kuufuta kwa ncha ya pamba kavu. Yai zima mara nyingi hukaa jeupe kando ya jirani aliyeoza. Jirani mwenyewe mwondoe, isipokuwa wameshikana.

Siku za mwisho ganda hutoa jasho, matone madogomadogo, na yai linalegea na kubonyea. Aliyeshikilia pumzi miezi miwili huogopa hapa na kumwaga maji. Usimwage. Mtoto anajiandaa. Kwa jino dogo lililo puani hulipasua ganda kwa mstari, wakati mwingine miwili mitatu, ute unatoka, kisha pua, kisha jicho. Halafu anatulia. Anaweza kukaa hivyo saa nyingi, hata usiku kucha, kichwa nje na mwili ndani, akimalizia kiini kilichobaki tumboni. Anayemvuta wakati huo hukata mishipa ambayo bado inafanya kazi. Hana rangi ya wazazi: amevikwa mikanda ya manjano na nyeusi, na madoa yatakuja akikua. Ana gramu 3 tu au pungufu, na ukimsogezea kidole atasimama juu ya miguu yote minne, atafunua kinywa cha waridi na kukupigia kelele kali isiyolingana kabisa na mwili wake.

Mhamishie kwenye kiboksi chake, sakafu ya karatasi ya jikoni, mchanga hapana. Upande mmoja sakafu iwe na joto la nyuzi 31 au 32, mwingine karibu na 25, kizibo cha maji, na kijipango chenye pamba iliyolowa. Ndani ya siku moja au mbili atajivua ngozi na kuila. Kabla ya hapo usimpe chakula, hatakitaka. Baada yake mpe nyenje wadogo wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, wenye unga wa kalsiamu, kila siku, na wasioliwa uwaondoe kabla ya kulala, maana nyenje mwenye njaa hutafuna vidole vya mjusi. Asikae na wazazi, watamla. Wala asikae na ndugu wanaomzidi ukubwa. Mikia hukatika, na mkia unaoota upya huwa na umbo la kiazi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila akishikwa yeye au chombo chake, kwa sababu ya salmonela, na mtoto wa binadamu aliye chini ya miaka mitano aangalie tu kwa macho.

Jike naye mkague mtago unapokoma. Wengine huendelea mpaka Septemba, wakikonda. Mpe miezi ya kujaza mkia, na kama hakuujaza, mwaka unaofuata mwache apumzike hata kama dume anatetema kila usiku.

Usiwagawe watoto mapema. Wiki sita hadi nane, akiwa anakula bila kubembelezwa, ameshajivua mara kadhaa bila ngozi kubaki vidoleni, ni kipimo kizuri. Mpe anayemchukua karatasi yenye majina ya wazazi na ukoo wa rangi zao, tarehe ya kuanguliwa, uzito wa mwisho, mdudu aliyemzoea, na joto alilototoleshewa. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo litakalomsaidia mwenye mjusi kubashiri jinsia mpaka mwili wenyewe uonyeshe baada ya miezi michache. Kama ni nyuzi 30, mwandikie wazi kwamba anaweza kuwa yeyote, asije akamnunulia mwenzake mapema.